Taa ya nyuma iliyozimika bila kuniaga

Seti hii ya taa za baiskeli niliinunua msimu wa masika katika duka moja la Kariakoo, na nianze kwa kutenda haki: taa ya mbele sina ugomvi nayo, kwa maana inamulika mashimo mapema kiasi cha kunipa nafasi ya kuyakwepa.

Kesi yangu ni ya taa ya nyuma. Usiku mmoja wa mvua nilikuwa nikirejea nyumbani kwa Barabara ya Bagamoyo, nimekwisha kuipita Mwenge, niliposikia daladala ikifunga breki nyuma yangu kwa mlio uliowafanya abiria wapige mayowe. Kondakta alitoa kichwa mlangoni akasema, "Mzee, unatafuta kifo? Huna hata taa!" Niligeuka kumbishia, nikaikuta imezimika, nami nilikuwa nimeichaji asubuhi ile ile. Taa ya mbele ikifa utajua papo hapo, lakini ya nyuma ikifa, wa mwisho kupata habari ni wewe uliyeikalia mbele.

Nyumbani niliifungua mezani. Maji yalikuwa yametuama ndani, na kile kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia, chembamba kama ganda la kitunguu, kilikuwa kimejikunja na kuacha mwanya upande wa chini, kule kule ambako gurudumu hurusha maji na tope.

Nilirudi dukani na risiti. Kijana wa kaunta, ambaye hata shikamoo aliiona mzigo, aliigeuza taa mara moja, akanionyesha kwa kidevu bango la "Mali ikishauzwa hairudishwi", kisha akasema, "Mzee wangu, hiyo ni taa ya kumulika, si ya kuogelea." Wenzake wakacheka. Mvua ya Dar es Salaam, kumbe, ni kuogelea!

Na kwa kuwa nimeshakasirika, ile sifa niliyoipa taa ya mbele naipunguza. Betri yake ni ya aina ya 18650, ambayo hata watengenezaji wazuri huifikisha takribani mAh 3500 (kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba), lakini hii imebandikwa 9900 bila haya. Anayedanganya kwenye betri atashindwaje kudanganya kwenye mpira? Usiinunue. Ingawa, nikiri, ile ya mbele bado iko kwenye usukani wangu hadi leo.

Taa nyingine ya nyuma niliitafuta kwa mama mmoja mwenye duka dogo la vipuri. Nilimwomba aiwashe, niimwagie maji ya chupa kabla ya kulipa, nikitarajia kufukuzwa. Aliiwasha, akaishika kwa mkono wake mwenyewe juu ya ndoo, akasema, "Mwaga, baba." Nilimwaga chupa nzima.