Wifi ya nje Mombasa: kabla ya kuuliza kasi, geuza kifaa utazame tundu la waya

Tangu mvua za masika zikolee, malalamiko yanayonifikia ni ya aina moja. "Dada, nililipa fundi aniwekee wifi ya uani, ikapiga vizuri sana. Sasa mistari imejaa kwenye simu lakini kitu hakifunguki." Wanaoniandikia wako Nyali, Bamburi, Likoni, na wengi wao walinunua kifaa kizuri. Waliuliza kasi, wakahesabu antena, wakauliza inafika mita ngapi. Tundu la waya hawakulitazama, na muuzaji hakuwaambia.

Kifaa cha nje, kile kinachorusha wifi uani, hupata stima kupitia waya uleule unaoleta intaneti. Hiyo stima ikikutana na unyevu na hewa ya chumvi kwenye plagi, pini huliwa. Chomoa plagi iliyokaa nje muda mrefu bila kuzibwa, uisogeze kwenye mwanga. Pini ni nane. Kwa vifaa vinavyotumia adapta ya volti 24 (kile kidude kinachoingiza stima kwenye waya), ya nne na ya tano, zile za nyaya za buluu, ndizo huanza kuota kutu ya kijani, kwa kuwa ndizo zinazobeba upande wa chanya. Za pembeni utazikuta bado zang'aa. Sasa, kasi ya gigabiti, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde, inataka jozi zote nne za nyaya ziwe nzima. Jozi moja ikilegea, kifaa hushuka hadi megabiti 100 bila kumwambia mtu, au huwa kinajizima na kujiwasha usiku umande ukiingia. Simu haiyajui hayo. Mistari ya simu hupima mawimbi kati yake na kifaa tu, na mawimbi hayana tatizo.

Namba ya IP65 kwenye boksi isikulaze usingizi. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji, na zote mbili zinahesabika pale kifaa kimefungwa kama kiwanda kilivyotaka. Ndani ya boksi kuna raba ya kuziba tundu. Waya hupitishwa kwenye raba kwanza, ndipo plagi ibanwe. Fundi mwenye haraka hubana plagi, akaona haipiti, akaitupa raba. Simama chini ya ngazi umwone akiivalisha. Mwambie pia auachie waya ulegee chini ya tundu kabla haujapanda, ili maji yadondokee pale kwenye mkunjo yasiteremke hadi kwenye plagi. Grisi ya silikoni kidogo ndani ya plagi, tepu ya raba juu yake, na adapta ibaki ndani ya nyumba. Kazi yote hiyo ni ya dakika chache.

Kwa kigezo hicho, namba moja kwangu ni TP-Link EAP225-Outdoor, wala sifichi kwamba naipendelea. Tundu lake ni la gigabiti, adapta yake imo ndani ya boksi, na inakubali pia stima ya swichi za mtandao za kawaida za PoE, yaani zinazotoa stima kupitia waya wa intaneti. Jambo jingine ninalolipenda ni kwamba unaipanga kwa kivinjari cha simu au kompyuta yako, ukamaliza, bila kulazimika kuwa na mtambo wa kuisimamia. Ukiweza kuongeza pesa, chukua EAP610-Outdoor: ni Wi-Fi 6, kizazi kipya kuliko cha EAP225, na kinga yake dhidi ya maji imepanda hadi IP67. Ndugu yao mdogo, EAP110-Outdoor, anatosha kwa kibaraza na kamera ya geti, lakini ni wa mawimbi ya 2.4 GHz peke yake na tundu lake ni la megabiti 100. Ukiwa unalipia kifurushi kikubwa cha faiba, huyo atakubania.

Namba mbili ni Ubiquiti, UniFi za nje. Ni imara, na mahoteli yanazipenda. Ila ili uzitumie kikamilifu unahitaji programu yao ya usimamizi, ambayo kwa kawaida huwekwa kwenye kompyuta au kifaa chao maalumu. Kwa nyumba ya watu watano naona ni mzigo usio na sababu.

Ndani ya nyumba hesabu hubadilika. Mji wa Kale kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba dirisha lake mtoto anaweza kukalia. Ukuta wa namna hiyo hunyonya mawimbi, hasa ya 5 GHz, yale ya kasi. Ndiyo maana nawashangaa wauzaji wanaowauzia watu wa Mji wa Kale seti za meshi (vifaa kadhaa vinavyogawana wifi moja nyumba nzima) na kuwaahidi kwamba hakuna haja ya waya. Meshi isiyo na waya inapaswa kuvuka ukuta uleule ulioishinda ruta. Nunua meshi, sawa, lakini iunganishe kwa waya chumba hadi chumba. Kwa hilo nashikilia Deco M4 au X20, meshi za TP-Link, kwa kuwa matundu yake ni ya gigabiti. Deco E4 inafanana nazo rafuni, na boksi lake linajisifu AC1200, namba ya kasi ya wifi, kama la M4, ila matundu yake ni ya megabiti 100. Soma ubavuni mwa boksi, maandishi madogo.

Nyumba ya ghorofa yenye matangi ya maji darini, usiweke kifaa nyuma ya tangi. Maji huyameza mawimbi, na mabati huyarudisha. Makuti hayana shida.

Ekstenda za kuchomeka ukutani: zinarudia mawimbi zinayoyapokea, na nyingi hugawa kasi nusu kwa nusu. Chumba kimoja kilichosahaulika, sawa. Kuiweka nje ndani ya mkebe wa plastiki, hapana.

Na waya wenyewe. Hapa ndipo wauzaji wananikera. Unaomba waya wa shaba, unaambiwa "huu ni shaba tupu," unalipa bei ya shaba, kumbe ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha stima vibaya kuliko shaba, kwa hivyo waya ukiwa mrefu kifaa cha juu hakipati nguvu ya kutosha, na chumvi ya hapa huila upesi. Nenda na wembe. Parua unyuzi mmoja: ukiwa mweupe ndani, mrudishie. Akikataa usiparue, ondoka. Wa nje uwe wenye ganda jeusi la kuhimili jua, na usizidi mita 100.

SEACOM na TEAMS, nyaya za baharini zilizoileta Kenya intaneti ya kasi mwaka 2009, zilitua hapa hapa Mombasa. Halafu mtu wa hapa akitaka kujua bei ya kifaa cha kumfikishia hiyo intaneti chumbani anaambiwa "njoo inboksi". Akija inboksi anatajiwa bei, akifika dukani anaambiwa ile ilikuwa bila VAT, kwa hivyo kifaa cha 10,000 kinakuwa 11,600. Au anaulizwa anataka bei ya risiti au isiyo na risiti. Bei ni moja, na iandikwe kwenye rafu. Uliza kwa ujumbe "bei ya mwisho pamoja na VAT na risiti ni ngapi?" na uhifadhi jibu. Risiti iwe na namba ya kifaa, ile iliyo chini ya boksi, kwa sababu bila hiyo hawatakusikiliza siku ukienda kudai waranti. Na boksi lifunguliwe mbele yako hapo kaunta: angalia adapta imo, na ile raba ya tundu imo.