Kifaa kipi ununue cha kukadiria kalori za mazoezi: mpangilio kwa mnunuzi wa Kigoma

Kabla ya kutoa fedha katika duka la mtaa wa Mwanga hapa Kigoma au kuagiza kutoka Dar es Salaam, mnunuzi hana budi kujua kwamba hakuna saa wala mkanda unaopima kalori moja kwa moja. Upimaji wenyewe hufanyika maabara, ambako mtu huvishwa barakoa inayopima oksijeni anayoivuta na kabonidioksaidi anayoitoa. Kifaa cha dukani hupokea vitu vichache tu, yaani mapigo ya moyo, mwendo wa mkono, umbali, uzito, umri na jinsia, kisha hukisia kwa fomula ambayo kwa kawaida kampuni haiitangazi. Kwa sababu hiyo nimevipanga vifaa hivi kwa kuangalia kinachopimwa vizuri kabla ya makisio kuanza, wala sikujali wingi wa michoro inayochezacheza kwenye kioo.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya vifaa 7 vya mkononi walivyovijaribu kwa watu 60 waliotembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Vifaa 6 kati ya hivyo vilikosea mapigo ya moyo kwa kiasi kisichozidi asilimia 5, jambo ambalo kwa mtu wa kawaida linaridhisha kabisa. Katika kalori, hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichoshika mkia kilikosea kwa asilimia 93. Vingi kati ya vifaa hivyo havitengenezwi tena, lakini tofauti kati ya mambo hayo mawili, pigo linalopimika na kalori inayokisiwa, ndiyo msingi wa ushauri wangu wote.

Tuchukue mtu wa kilo 70 anayetembea kilomita 6 kuelekea Ujiji kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa. Kwa viwango vinavyotumiwa na wataalamu, mwendo huo kwenye barabara tambarare hutumia nishati mara 3.5 ya ile ya mtu aliyetulia, na mtu aliyetulia hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo kwa saa. Safari yake ya saa 1 na dakika 12 itagharimu basi kalori 294 hivi, lakini 84 kati ya hizo angezitumia hata kama angekaa barazani. Mazoezi yenyewe yamemwongezea 210, ambazo hazifiki vijiko viwili vikubwa vya mawese, kwa kuwa kijiko kimoja kina kalori 120 hivi. Vifaa vingi huonyesha ile jumla kubwa, na kosa la asilimia 27 likiongezwa hapo, mtu anaweza kusoma 370 na kwenda mezani kwa amani asiyostahili.

Nafasi ya kwanza naipa mkanda wa kifuani. Huu husoma umeme wa moyo wenyewe, tofauti na saa inayomulika mwanga wa kijani kwenye ngozi ili kufuatilia damu inavyopita. Kampuni ya Polar ya Finland imekuwa ikiuza vipimo vya mapigo visivyo na waya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mkanda hautikiswi na mkono unaorushwa wala na kishikio cha baiskeli, mradi tu ulowanishe sehemu zake zinazogusa ngozi kabla ya kuuvaa. Kasoro yake ni kwamba hauvaliki kutwa nzima, na mara nyingi unahitaji simu au saa ya kuonyesha matokeo. Tena pigo likiwa sahihi, kalori bado zaweza kupotoka: mwendo uleule ukiufanya saa saba mchana kwenye joto, moyo hupiga haraka zaidi kuliko alfajiri, nacho kifaa hudhani umefanya kazi kubwa zaidi. Anayetumia dawa za shinikizo la damu za jamii ya atenolol hukutana na kinyume chake, kwa sababu dawa hizo huuzuia moyo kwenda mbio, na hivyo kalori zake huandikwa pungufu. Anayenyanyua vyuma asitarajie makisio ya maana kutoka kifaa chochote kati ya hivi.

Nafasi ya pili ni saa janja ya kampuni inayojulikana, na hapa Kigoma nasisitiza iwe na GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaojua ulipo, pamoja na kipimo cha mwinuko kinachotumia kanieneo ya hewa. Mji huu ni wa vilima. Anayepanda kutoka stesheni ya reli kwenda Mwanga anafanya kazi ambayo hesabu ya hatua peke yake haiwezi kuiona, kwani barabara inayopanda mita 5 tu kwa kila mita 100 huongeza matumizi ya nishati kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na tambarare. Mnunuzi wa Tabora, ambako ardhi imelala, anaweza kuokoa fedha zake kwa kuchukua saa isiyo na kipimo hicho.

Ya tatu ni simu uliyonayo tayari mfukoni, na najua wauzaji hawatanishukuru kwa kuiweka juu ya bangili za mazoezi za bei nafuu. GPS yake hupima umbali vizuri mahali pa wazi, na mtembeaji akizidisha kilomita kwa uzito wake, kisha akagawa kwa mbili, anapata makisio ya ziada ya mazoezi yasiyo mabaya kwa ardhi tambarare. Mkimbiaji asigawe.

Bangili hizo ndizo za nne. Zinafaa kuhesabu hatua na kumkumbusha mtu ainuke kitini, lakini nyingi hazina GPS, kwa hiyo umbali nao ni wa kukisia. Ukilima nayo utaliona tatizo lake waziwazi: miguu haisogei sana, hivyo hatua ni chache, na mkono unaokaza mpini wa jembe huivuruga ile taa ya kijani, ingawa jasho linakutoka hasa.

Mashine za jimu nazitaja kwa sababu wengine hulipa ada ya mwezi kwa ajili ya namba zake. Ya kukimbilia hukisia vizuri kidogo iwapo inakuuliza uzito wako na wewe hujaegemea vishikio. Isiyouliza imekudhania uzito wa mtu mwingine. Kwa baiskeli kuna kipimo cha nguvu kinachofungwa kwenye pedali, ambacho kwa usahihi wa kalori kinashinda vyote nilivyovitaja, ila bei yake inaweza kununua baiskeli nyingine, ndiyo maana sikukipa nafasi.

Usinunue kabisa saa za kuigiza zenye nembo zilizopotoshwa herufi. Dukani, omba uivae saa juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, ikaze bila kubana, kisha weka vidole viwili kwenye mkono wa pili, hesabu mapigo kwa sekunde 30 na uzidishe mara mbili. Ruka papo hapo kwa dakika moja, urudie kuhesabu bila kuchelewa, kabla moyo haujatulia. Saa iliyosema 78 ulipokuwa umesimama na ikasema 80 wakati vidole vyako vinahesabu 120, mrudishie mwenye duka, hata akikuambia itazoea.