Kufunga waya kwenye meno ya Arusha: uzoefu wangu

Naandika hasa kwa wenzangu tuliokulia pande za Arusha, Kilimanjaro na Manyara, tukanywa maji yenye floridi nyingi hadi meno yakaota ya kahawia. Kabla sijaanza nilisoma sana habari za waya za meno, na karibu zote zilikuwa za watu wenye meno meupe. Mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu: kwenye haya meno yetu, waya zinashika? Zinashika. Ila kuna mambo ya kuuliza kabla hujatoa hela.

Chonge zangu za juu zilikuwa zimepanda juu ya menzake, na meno ya mbele ya chini yamebanana mpaka uzi haupiti. Mama aliposikia nataka kufunga waya, mtu mzima nina kazi yangu, akauliza, "Kwani hayatafuni?" Yanatafuna, mama. Lakini mabaki ya chakula yalijificha humo, na kila asubuhi nikipiga mswaki fizi zinatoka damu.

Nilifungiwa Dar, kliniki binafsi, kwa daktari bingwa wa kupanga meno. Nasisitiza bingwa. Daktari wa meno wa kawaida anaziba na kung'oa vizuri, lakini kupanga meno ni masomo mengine ya miaka kadhaa baada ya hapo, na si utovu wa adabu kumuuliza daktari kama ameyasoma. Usitegemee kutoka na waya siku ya kwanza. Kuna eksirei ya taya zote, nyingine ya kichwa kwa ubavu, kuchukuliwa umbo la meno kwa ule ujiuji unaojaza mdomo (pumua kwa pua, usiangalie dari), kusafishwa, na kuziba yaliyotoboka. Kisha daktari akanionyesha kwenye picha kwamba nafasi hakuna, lazima magego madogo manne yatoke. Meno mazima kabisa! Hapo wengi hukimbia. Si kila mtu hung'olewa, lakini kwa mbanano kama wangu nilimwelewa.

Siku ya kubandika ndiyo ilinivutia kuliko zote. Kwa kawaida jino linapakwa asidi kidogo ili uso wake upate mikwaruzo midogo, linaoshwa, linakaushwa, inawekwa gundi, kijichuma cha kushikilia waya, halafu taa ya bluu inaikausha gundi. Sasa ganda la juu la jino lililoshiba floridi huwa sugu kwa asidi, kwa hiyo gundi haipati pa kushika. Daktari alianza kwa kulisugua taratibu lile ganda la kahawia, kisha akaiacha asidi ikae zaidi. Hata hivyo vijichuma vya magego ya chini vilikuwa vinabanduka. Unatafuna, unasikia kitu kinacheza kwenye waya, basi ujue safari ya kliniki hiyo.

Na hapa nina lawama. Vichache vya mwanzo walirudishia bure, vilivyofuata nikalipia, na sharti hilo halikuwemo kwenye karatasi niliyosaini. Meno yangu waliyaona tangu siku ya kwanza, wangesema mapema. Uliza kabla ya malipo ya kwanza: kikibanduka, nani analipa? Jumla yangu ilikuwa kama Sh 2,800,000 kwa awamu, bila ziada hizo. Bima yangu haikugusa hata senti. Foleni nayo, miadi ya saa tatu asubuhi unaweza kuingia saa sita.

Maumivu yapo, lakini si ya kulia. Siku chache baada ya kufungwa, na kila waya ukibadilishwa, meno yote yanauma ukiyagusanisha. Panadoli ilinitosha. Nta wanayokupa bandika kwenye chuma kinachokwaruza shavu. Chakula cha wiki hiyo ni mtori, uji, ndizi laini. Ugali hauna shida kabisa. Makande niliyaaga kwa muda, na miwa, bisi, mahindi ya kuchoma na kung'ata mishikaki vilikatika mpaka mwisho. Vile viraba vinavyofunga waya kwenye vijichuma, usichague visivyo na rangi kama unapenda pilau na mchuzi wa binzari, vinageuka njano upesi.

Usishangae meno yakilegea kidogo. Jino halijagandana na mfupa, limeshikwa na nyuzi nyembamba katikati. Waya ukilisukuma, mfupa wa mbele yake unaliwa, wa nyuma unajengwa upya, na kazi hiyo haina haraka: ni kama milimita 1 kwa mwezi. Ndiyo maana matibabu mengi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, wengine zaidi. Mtu akikuahidi miezi mitatu na una pengo la gego la kuziba, muulize maswali.

Kisha kuna raba ndogo za kuvuta taya ya juu na ya chini, unazivaa mwenyewe, mchana na usiku, unazitoa wakati wa kula na kupiga mswaki tu. Hizi ndizo zinazochelewesha watu. Kijana mmoja niliyekuwa nakaa naye foleni alikuwa anazivaa njiani kuja kliniki. Daktari anajua, akiangalia tu anajua.

Waya zimetoka, chonge zimeshuka mahali pake, fizi hazitoki damu tena. Rangi? Ileile. Waya hazing'arishi meno, na mwenye kuzifunga akitumaini kahawia itaondoka atasikitika. Kuna matibabu ya rangi, ya kusugua madoa au kung'arisha kwa dawa, yanayofanywa baada ya waya kutoka, na yana bei yake. Mimi bado sijaamua.

Nilichobaki nacho sasa ni kizuizi cha plastiki angavu cha kuvaa usiku, kwa sababu meno hupenda kurudi yalikotoka. Kioshe kwa maji baridi, ya moto yanakikunja. Na ulizia kama bei yake imo kwenye ile jumla. Yangu haikuwemo.