Magari ya kuunga mwenyewe: uzoefu wangu kabla sijatoa pesa

Kwa miezi minane daftari langu la kaunta lilibeba jambo moja tu: nani aniuzie gari la vipande nikaliunge mwenyewe uani kwangu, Tabata. Wauzaji wanaliita kit car. Siku niliyomtamkia fundi wangu wa Gerezani, alinijibu, "Viti vipo kaka, sema tu ni vya gari gani." Baadaye tukaelewana. Unaletewa chasisi, bodi ya faiba na vikorokoro ndani ya maboksi. Injini, giaboksi na difu mara nyingi unavitoa kwenye gari jingine unalolichinja.

Nilianza na macho, kama kila mtu. Caterham Seven. Gari hilo lilizaliwa kwa kampuni ya Lotus ya Uingereza mwaka 1957, Caterham wakachukua haki ya kuliunda mwaka 1973, na sura yake bado ni ileile ya boneti ndefu na taa zilizotoka nje kama macho ya kaa. Inasimuliwa kwamba enzi zile Uingereza ilitoza kodi gari zima lakini ikaliacha la kuunga, mradi lisije na maelekezo ya kuliunga. Lotus wakaandika maelekezo ya kulifungua, mnunuzi akaanza kusoma ukurasa wa mwisho. Hapo tayari nilishalipenda.

Kilichonishangaza zaidi ni toleo lao dogo, la 170. Injini ni ya Suzuki, cc 660 yenye tabo, hata ekseli ya nyuma ni ya Suzuki, na gari zima lina kilo 440 hivi. Fundi akaweka spana chini akacheka. "Kumbe kirikuu limevaa suti!" Alimaanisha vile vipikapu vidogo vya Suzuki vya kubebea mizigo mtaani. Mimi niliona ni sifa, kwa sababu fundi asiyeogopa injini ni nusu ya kazi. Ila jioni ile nilichukua tepu ya kupimia nikaenda kwenye tuta la mtaani kwetu, lile tulilochangishana tukamwaga zege wenyewe baada ya bodaboda kumgonga mtoto. Sentimita 17 katikati. Nikatazama tena picha ya Seven, tumbo lake lilivyoilalia lami, na halina mlango wala paa la maana la kukaa nalo masika. Bei nayo ilikuwa ya mtu mwenye gari jingine la kwendea kazini. Nikageuza ukurasa.

Westfield ni ndugu wa sura, lakini bodi yake ni ya faiba, na hilo lilinivutia kwa sababu faiba ikipasuka Dar wapo wanaoiziba, waulize wenye boti. Lakini mwaka 2022 kampuni iliangukia kwenye ufilisi na jina likapita mikono mingine. Siwasemi vibaya walioliendeleza. Niliwaza tu kikono cha mbele kikipinda miaka mitatu ijayo nitampigia nani simu.

Basi nikahamia Marekani. Factory Five wapo Wareham, Massachusetts, walianza 1995, na walibuni gari waliloliita 818 kwa sababu walilenga lisizidi kilo 818. Unachinja Subaru Impreza WRX ya kati ya 2002 na 2007, injini na giaboksi unavihamishia nyuma ya viti. Nilisisimka! Subaru Dar? Vijana wanazo hadi wanazitambua kwa mlio, na spea mtu anakutolea hata Jumamosi jioni. Wiki mbili nililala na hiyo 818. Kisha nikaona kwamba picha zote nilizokuwa nazitazama zina usukani kushoto. Hebu fikiria unataka kulipita semitrela kuelekea Chalinze, umekaa usawa wa tairi lake, halafu umekaa upande usioona mbele. Mama watoto alisema neno moja tu: "Hapana."

Afrika Kusini kuna Backdraft wa Durban, na Superformance zinazoundwa Gqeberha, za umbo la Cobra, lile gari la michezo la zamani. Nzuri mno, na ni jirani. Lakini wanakupa gari lililokwisha, wewe unabaki kutia injini, tena V8. Niliuliza bei nikashukuru nikaondoka.

Niseme na la bei, maana ndipo nilipopoteza muda. Neno "kamili" kila muuzaji ana maana yake. Mmoja, simtaji, alinipa bei tamu kweli. Nilipodai orodha ya kila boksi, nikakuta breki hazimo, rimu hazimo, tangi la mafuta halimo. Barua pepe zangu nne zilizofuata hazikujibiwa. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa kila mtu likawa: niambie kisichokuwemo.

Aliyebaki ni Exocet, iliyobuniwa na kampuni ya MEV ya Uingereza. Sura yake sitaki kuitetea, ni mabomba matupu kama toroli la kwenda mwezini. Lakini uungaji wake ndio uliomaliza ubishi. Unachinja gari moja tu, Mazda MX-5. Unafungua bolti, unanyanyua bodi ya zamani juu, na chini inabaki injini, giaboksi na difu vimeshikana, na magurudumu yake yote manne. Unateremsha fremu mpya juu yake. Waya, pedali na usukani vinatoka kulekule. Japani MX-5 iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster, usukani kulia, na injini yake ya cc 1,600 ni ya ukoo wa Mazda 323, ambayo fundi wangu aliifungua tangu akiwa mwanagenzi.

Bado kuna bandari. Nilimuuliza wakala wa forodha kama maboksi yale ni gari au spea. Akakuna kichwa. "Mzee, kwenye boksi ni spea. Ukilifunga likawasha taa, hapo ndipo TRA watakuuliza namba ya chasisi." Akanishauri nisitume hata shilingi kabla ya kupata jibu la maandishi la TRA, na hiyo Eunos iingie kihalali na karatasi zake zote, kodi ya uchakavu nilipe bila kunung'unika.

Barua nimeshapeleka, jibu nasubiri. Fundi yeye hasubiri. Juzi nimemkuta amefagia kona ya uani, amepanga kreti nne za soda zitakazobeba fremu, na kuku amehamishwa bila mimi kuulizwa.