Seramu ya vitamini C kwenye joto la Dar: madoa yamepungua, kazi ni kuitunza chupa

Niseme mapema kwamba seramu hii (maji mepesi ya kupaka usoni) sikuinunua ili niwe mweupe. Mimi ni maji ya kunde, ngozi yangu ina mafuta, na chunusi za kidevuni zikipona huniachia madoa meusi ya kukaa miezi. Nilichofuata ni hayo madoa. Dada wa dukani Kariakoo akaanza na maneno yao ya siku zote: "Hii dada, mwezi tu utakuwa mweupe pe!" Nikamwambia weupe siutaki, anipe chupa nisome nyuma.

Jina la kampuni naliacha, maana cha muhimu ni hayo maandishi: asidi ya askobiki (ndiyo vitamini C yenyewe) asilimia 15, vitamini E asilimia 1, asidi ya feruliki nusu asilimia. Ni mchanganyiko unaojulikana. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliupima (kwenye ngozi ya nguruwe, ndiyo) wakaona feruliki inaizuia vitamini C isiharibike haraka, na kinga dhidi ya madhara ya jua inaongezeka maradufu. Ukivuka asilimia 20 ya vitamini C hupati faida zaidi, unaongeza muwasho tu. Na ili ipenye lazima iwe kali, pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikishuka ukali unapanda) chini ya 3.5, kwa hiyo ikichonyota kidogo usishtuke. Ikichoma hadi uso uwe mwekundu, ioshe.

Napaka matone machache asubuhi baada ya kunawa, nasubiri ikauke, halafu losheni ya kukinga jua, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi. Inanuka chuma na inanata kidogo mpaka ikauke. Kwa mwenye ngozi ya mafuta kama mimi, mchana wa Februari hapa mjini hilo ni la kuvumilia.

Matokeo hayakuja upesi. Nilianza masika yanaisha. Vuli ilipokaribia madoa mapya ya kidevuni yalikuwa yamefifia kiasi kwamba poda naipaka nikitaka tu. Ya zamani yamepungua ila yapo. Mashimo ya chunusi hayakuguswa kabisa. Rangi yangu ni ile ile, na ndivyo inavyotakiwa: vitamini C hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, haichubui. Seramu ikikufanya mweupe kwa wiki mbili, shuku haidrokwinoni au zebaki, kemikali za kuchubua, yaani mkorogo uliobadilishiwa chupa.

Mama mdogo aliniuliza kwa nini nisile tu mapera. Nayala, na gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, mara nne ya chungwa. Mwili unaihitaji kutengeneza kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, lakini ukishatosheka figo zinaitoa kwenye mkojo, na inayofika usoni ni kidogo. Limau la kupaka, tafadhali, hapana. Ndimu na limau zikikutana na jua huunguza ngozi, halafu unabaki na doa kubwa kuliko ulilokuwa nalo.

Sasa chupa. Vitamini C haipendi joto, mwanga wala hewa, na Dar joto halina likizo. Yangu ilikuwa ya kahawia, nikaiweka kwenye friji, lakini umeme ukikatika friji nayo ni kabati tu. Ilinunuliwa ikiwa karibu haina rangi, ikaenda njano, na robo ya mwisho ikawa rangi ya chai ya rangi. Nikaimwaga, ikifika hapo imeshakufa, na mtu unabaki kupaka doa la njano kwenye kola ya shati. Duka linaloanika seramu kwenye kioo kinachopigwa jua, pita.

Nitanunua tena, ila ya mililita 15 badala ya 30. Seramu naipa nyota tatu na nusu kwa tano. Nusu nyingine ingeipata kama chupa ingekuwa ya pampu, si ya kitonesheo kinachoingiza hewa kila asubuhi.