Picha za mikato ya mimea kwa hadubini: nunua wembe kabla ya kamera

Mwalimu mwenzangu aliniuliza juzi anunue kamera gani ya hadubini, maana picha zake za shina la mahindi zinatoka na ukungu. Nikaomba nione mkato wenyewe, yaani kile kipande chembamba cha mmea kinachowekwa chini ya lenzi. Ulikuwa mnene kama tango la kachumbari. Hapo hata kamera ya mamilioni ingepiga ukungu uleule. Ndiyo maana orodha yangu inaanza na vitu vya bei ndogo.

1. Wembe, vifuniko na rangi

Nunua pakiti nzima ya nyembe za kawaida za pande mbili, kwani makali huisha baada ya mikato michache. Jani laini libane ndani ya kiini cheupe cha shina la muhogo, au karoti iliyopasuliwa. Lowesha, kisha vuta wembe kwa mkupuo mmoja bila kusugua kama msumeno. Kata ishirini, ubakize miwili au mitatu inayopitisha mwanga.

Vifuniko vya kioo, vile vya kufunika mkato kwenye slaidi, tafuta vya unene wa milimita 0.17, ambavyo boksi lake huandikwa 1.5. Lenzi ya 40x, yaani inayokuza mara 40, imetengenezwa kwa unene huo, na kifuniko kinene huharibu picha hata mkato ukiwa mzuri.

Kwa rangi, mimi ni mtu wa toluidini bluu, asilimia 0.05. Gramu moja ya unga inatoa lita mbili, utachoka wewe kabla haijaisha. Dakika moja, suuza: mishipa ya maji yenye lignini, kile kinachokaza kuta za seli, inakuwa bluu ya kijani, na kuta changa za seli zinakuwa zambarau.

2. Kishikio cha simu

Kama hadubini unayo tayari, hiki ndicho cha kununua: kinashika simu juu ya lenzi ya jicho. Chagua chenye skrubu za kusogeza simu kushoto, kulia, juu na chini. Vile vya kubana tu vitakukosesha raha. Simu nzito huinamisha bomba, kwa hiyo epuka vya plastiki nyepesi. Tumia kamera kuu ya simu, na ufunge umakini na mwanga kabla ya kupiga.

Usihangaike na megapikseli. Lenzi ya 40x ya kawaida haitenganishi nukta zilizokaribiana chini ya takriban maikromita 0.5, na duara unaloliona ndani yake lina upana wa karibu milimita 0.45. Megapikseli 5 zinatosha.

3. Hadubini yenye bomba la tatu la kamera

Kwa maabara ya chuo ningeiweka ya kwanza: wanafunzi wanaangalia huku kamera imekaa mahali pake. Kwa mtu mmoja ni gharama ya bure.

4. Kamera ya USB ya kuchomeka badala ya lenzi ya jicho

Pima tundu kwanza. Hadubini nyingi za biolojia ni milimita 23.2. Tatizo la kamera hii ni kihisi kidogo, yaani sehemu inayonasa picha: kinaona katikati tu ya duara, na shina zima halienei. Ikija na lenzi ya kupunguza ya 0.5x, afadhali.

5. Foldscope

Hadubini ya karatasi iliyobuniwa Stanford na Manu Prakash na Jim Cybulski, inakuza mara 140. Nzuri kwa kutembea nayo shambani, na watoto wanaipenda. Kwa picha ya ripoti, hapana.

Usinunue kabisa vile vijihadubini vya mkononi vilivyoandikwa 1000x au 1600x. Namba hizo ni za ukubwa wa picha kwenye kioo cha kompyuta, na taa yake inamulika kutoka juu wakati mkato unahitaji mwanga wa kutoka chini.

Pesa ikibaki, ongeza slaidi ya kupimia: milimita moja iliyogawanywa mara 100, kila kigawe maikromita 10. Ipige picha mara moja kwa kila lenzi, uingize kipimo kwenye ImageJ, programu ya bure ya kupima vitu kwenye picha. Kuanzia hapo usiguse zumu ya simu, la sivyo vipimo vyote vinakuwa uongo.