Minnal Murali: radi moja, watu wawili

Filamu hii ya Kimalayalam ya mwongozaji Basil Joseph ilitoka Netflix tarehe 24 Desemba 2021, ikapokewa vizuri hata nje ya Kerala, jimbo la India linalozungumza lugha hiyo. Inastahili. Jina lenyewe limetokana na radi: usiku mmoja inampiga Jaison, fundi cherehani (Tovino Thomas) anayeota kwenda Marekani, na papo hapo inampiga Shibu, mfanyakazi wa kibanda cha chai ambaye kijiji kizima kinamdharau. Wote wawili wanapata nguvu za ajabu.

Nguvu ya filamu iko kwa Shibu. Guru Somasundaram, anayemwigiza, hachezi jambazi, anacheza mpweke. Mwangalie anapozungumza na Usha, mwanamke aliyempenda miaka mingi: sauti inatetemeka, machozi na kicheko vinachanganyikana usoni pake, na kamera inakaa hapo hapo bila haraka. Anaiba benki kwa ajili ya matibabu ya binti wa Usha, kwa hiyo kumchukia ni kazi ngumu.

Kasoro ipo. Filamu ina zaidi ya saa mbili na nusu, na sehemu ya kwanza inajikokota kwa sababu majaribio ya nguvu za Jaison yanarudiwa mno. Usiikatie tamaa, vumilia mpaka wizi wa benki.

Iangalie kwa sauti asilia ya Kimalayalam pamoja na maandishi ya tafsiri. Ukichagua sauti ya kubandikwa, ule mtetemo wa Shibu unapotea, na hapo umekosa nusu ya filamu.